Somo: Kupanga tabianchi za dunia kwa joto na mvua, tukianzia Malindi

Muulize mtu wa Malindi hali ya hewa ya kwao, atakujibu kwa misimu: kaskazi, masika, kusi, vuli. Jibu ni sahihi, ila halitusaidii kuilinganisha Malindi na Lodwar, kule Turkana, au London. Kwa kazi hiyo tunatumia mpango wa Wladimir Köppen, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1846. Alisomea mimea kabla ya kubobea katika hali ya hewa, na inaonekana wazi: aliangalia pale mimea inapobadilika, kisha akaitafutia mipaka hiyo nambari. Mpango wake mkuu ulitoka mwaka 1900.

Andaa wastani wa joto na wa mvua kwa kila mmoja wa miezi 12, uliokokotolewa kwa miaka 30.

Hatua ya 1: Toa kwanza baridi kali. Tazama mwezi wenye joto zaidi. Usipofika nyuzi 10 za Selsiasi, hilo ni kundi E, yaani tundra (nyanda za baridi zisizoota miti) na barafu. Vilele vya Mlima Kenya vimo humo. Sisi wa pwani tunapita.

Hatua ya 2: Pima ukavu. Wengi huteleza hapa kwa kutafuta kiwango kimoja cha mvua kinachotenganisha jangwa na mahali pa kijani. Hakipo. Mvua ni mapato, joto ni matumizi. Huwezi kujua nani maskini kwa kutazama mapato peke yake.

Chukua wastani wa joto wa mwaka, zidisha kwa 20. Kama asilimia 70 au zaidi ya mvua hunyesha katika nusu ya mwaka yenye joto, ongeza 280. Kama kiasi hicho hunyesha katika nusu ya baridi, usiongeze kitu. Ikiwa katikati, ongeza 140. Mvua ya mwaka, kwa milimita, ikiwa chini ya jibu hilo, mahali hapo ni kundi B, la ukavu. Ikiwa haifiki hata nusu ya jibu, ni jangwa. Ikifika nusu, ni nyika kavu.

Tujaribu. Malindi ina wastani wa nyuzi 26.5 hivi, na mvua ya milimita 1,000 hivi. Mara 20 tunapata 530. Hata tukiongeza 140 ni 670. Tumevuka. Lodwar ina nyuzi kama 29 na mvua kama milimita 200: kizingiti ni 720, nusu yake 360, kwa hiyo ni jangwa. Sasa London: nyuzi kama 11, mvua kama milimita 600. Kizingiti chake ni 360 tu, na ndiyo maana bustani zao hazikauki. Mvua hiyohiyo ya London ikinyesha Malindi, kwa mtawanyo uleule wa mwaka mzima, haifiki 670. Tungekuwa watu wa nyika kavu.

Hatua ya 3: Mwezi wa baridi zaidi. Nyuzi 18 na kuendelea ni kundi A, la tropiki. Kati ya 18 na 3 chini ya sifuri ni C. Chini ya hapo ni D, kama misitu ya misonobari ya Siberia. Nairobi na Malindi hazipishani sana kwa mvua, lakini Julai ya Nairobi hushuka chini ya 18 kwa sababu ya mwinuko, basi wao ni C.

Hatua ya 4: Ndani ya A, tazama mwezi mkavu zaidi. Ukipata milimita 60 au zaidi ni msitu wa mvua, kama Singapore. Chini ya hapo, gawanya mvua ya mwaka kwa 25, toa jibu kwenye 100. Mwezi mkavu ukifikia kiasi hicho ni tropiki ya monsuni, usipofikia ni savana. Februari yetu haifiki popote. Malindi ni savana, na Lamu vilevile.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Watamu:* Maalim, kama sisi ni savana, msitu wa Arabuko-Sokoke umetoka wapi?

Herufi hizi hazijui udongo. Ndani ya msitu huohuo, miti ya mrihi imeshika mchanga mweupe, na kwenye mchanga mwekundu utakuta miti mingine kabisa. Tabianchi inakwambia kinachowezekana. Udongo, moto na shoka huamua kilichopo.

*Mwanachama, Lamu:* Na mikoko yetu?

Hiyo ndiyo kabisa haimo. Mkoko na mchu hutegemea maji kupwa na kujaa, na chumvi. Usiutafute kwenye jedwali la mvua.

*Mwanachama, Shela:* Ramani moja imetuandikia Aw, nyingine As. Ipi sahihi?

Herufi w maana yake ukavu uko katika nusu ya baridi, s katika nusu ya joto. Sisi tuko kusini ya ikweta, na ukavu wetu ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua kali. Kwa hesabu kali ni As. Wachoraji wengi huandika Aw kwa savana zote.

*Mwanachama, Mpeketoni:* Masika yakikosa miaka miwili, herufi hubadilika?

La. Huo ni ukame, na ndiyo sababu tunadai miaka 30.

*Mwanachama, Malindi:* Naweza kupima mvua mwenyewe nyumbani?

Naam, dada. Weka kipimamvua uwanjani, mbali na paa na minazi, usome kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi.