Unapounganisha programu ya kutuma baruapepe na kalenda ya mtandaoni

Wengi wanaotumia Zapier au Make (huduma za mtandaoni zinazofanya programu tofauti zipeane taarifa zenyewe) kuunganisha programu ya baruapepe za kutafuta wateja na Google Calendar huagiza kwamba kila jibu linaloingia lifungue miadi kwenye kalenda. Agizo hilo ni pana mno, kwa kuwa hata ujumbe unaojituma wenyewe, wa "nipo likizoni hadi Jumatatu", unaweza kuhesabiwa kuwa jibu, na kalenda ikajaa mikutano isiyo na mtu. Ni afadhali kichocheo, yaani tukio linaloanzisha kazi, kiwe ni badiliko la hali ya mteja, yaani pale unapomwekea alama kwamba ameonyesha nia, kisha kichujio, yaani sharti linalozuia yasiyohusika, kitangulie hatua ya kuandika kwenye kalenda.

Saa ndizo huleta usumbufu mkubwa zaidi. Muda ulioandikwa 2025-03-10T14:00:00, bila kutaja tofauti yake na UTC (saa ya rejea ya dunia), unaweza kusomwa kwa saa za akaunti yako badala ya saa za mteja. Ukiongeza tofauti hiyo mwishoni, kwa mfano +02:00 kwa mteja aliye saa mbili mbele ya UTC, hakuna tena cha kubahatisha.

Njia ya kurudi, ya kutoka kalenda kwenda programu ya baruapepe, husahaulika, nayo kwa maoni yangu ina faida kuliko ile ya kwanza. Miadi mipya inapoingia kwenye kalenda, mtiririko wa pili utafute anwani ya mwalikwa katika programu ya baruapepe na kusitisha jumbe za ukumbusho zilizobaki kwenye foleni, la sivyo mtu aliyekwisha kukubali kukutana nawe ataendelea kuulizwa kama aliuona ujumbe wako wa kwanza.