Somo: Maji yatokayo na mafuta kisimani, jinsi ya kuyasafisha kabla ya kuyarudisha ardhini

Kisima kikizeeka hutoa maji mengi kuliko mafuta. Kinachosumbua ni udogo wa tone la mafuta lililo majini: kipenyo kikipungua nusu, tone hupanda juu polepole mara nne. Basi linda matone yasipasuke.

1. Kabla ya tangi la kutenganisha, epuka pampu ya sentrifyugo (ya pangaboi linalozunguka kasi), maana hupasua matone. Ikilazimu kusukuma, tumia ya parafujo.

2. Kwenye tangi kwangua mafuta kila zamu. Sahani za mawimbi (mabati yaliyokunjwa yaliyopangwa ndani ya tangi) hukamata matone ya mikroni 50 hivi kwenda juu, basi; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

3. Haidrosaikloni (bomba linalozungusha maji kwa kasi ili mafuta yajitenge) hukamata matone hadi ya mikroni 10–15, lakini inaendeshwa na presha ya maji yenyewe. Ifunge kabla ya vali ya kudhibiti kimo cha maji tangini. Wengi huifunga baada yake: presha imeshaliwa na vali imeshasaga matone. Acha asilimia 2–3 ya maji yatoke na mafuta. Ukibana njia hiyo, mafuta yanabaki majini.

4. Malizia na kichujio cha maganda ya jozi. Kisipokee mafuta zaidi ya miligramu 100 kwa lita, la sivyo utakiosha kutwa nzima.

5. Kabla ya kuyadunga ardhini, zuia hewa isiingie. Oksijeni hula bomba. Usichanganye na maji ya bahari bila kupima: bariamu ya maji ya kisima ikikutana na salfeti ya bahari hufanya magaga (ukoko mgumu) ambayo hata asidi haiyayeyushi.

MASWALI

Mkuu, tumeongeza dawa ya kutenganisha, maji yamezidi kuwa meupe kama maziwa.
– Mmezidisha. Dawa ikipita kiasi huyashikilia matone badala ya kuyaunganisha. Jaza chupa tano kwa maji ya siku hiyohiyo, kila moja dozi yake, uone ipi inang'aa kwanza.

Maabara inasoma mafuta kidogo kuliko tunavyoyaona kwa macho.
– Maabara humimina sehemu tu ya sampuli? Mafuta hubaki kwenye kioo. Tumia chupa kavu ya kioo, weka asidi hadi pH chini ya 2, na maabara itumie chupa yote, wasimimine nusu.

Matete yanaweza kuyasafisha, kama Oman?
– Kule Nimr, kwenye mabwawa ya matete ya Oman, yanaweza, kwa kuwa maji ya pale yana chumvi gramu 7 hivi kwa lita. Bahari ina 35. Yenu yakiwa 80, matete yatakauka. Halafu hata pale Nimr, mwisho wa safari ni mabwawa ya kukaushia.

Harufu ya mayai viza ilikuwepo asubuhi, sasa imeisha. Tuendelee?
– Tokeni hapo kwanza, ndugu. Hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu hiyo, ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Rudini na kipima gesi.