Ijaribu kozi kabla hujafika chuo

Hii nimeiona kwa mdogo wangu juzi juzi nikaona niipitishe. Kama umemaliza sekondari na matokeo yako yamekaa vizuri, tafuta kozi ya mwaka wa kwanza ya kile unachotaka kwenda kusoma, zipo bure mtandaoni, MIT OpenCourseWare kwa mfano, tovuti ya masomo ya chuo cha MIT cha Marekani, hata kujisajili hawakulazimishi, chukua mada moja tu uisome siku saba na ufanye maswali yake kwa mkono wako. Usiishie kwenye video jamani, kwenye video kila kitu kitamu. Inasaidia kwa sababu mtu aliyezoea kupata A mara nyingi anapenda kushinda, somo lenyewe hajui kama analipenda, sasa ukiondoa mtihani na mwalimu wa kumsifia ndio anajijua. Angalia siku ya nne: unafungua daftari mwenyewe au umeanza visingizio? Mdogo wangu alikuwa anaapa kwa sayansi ya kompyuta, akaishia kung'ang'ania takwimu mpaka usiku.

Inagoma sehemu mbili. Moja, ukiifanya ukiwa bado umechoka na mitihani, kila kitu kitakuchefua, pumzika kwanza wiki mbili tatu. Mbili, udaktari na zinazofanana nao, mwaka wa kwanza ni zaidi nadharia kama anatomia na baiokemia, yaani mwili ulivyoundwa na kemia yake, haikuonyeshi kukaa na mgonjwa kukoje, hapo bora uombe kumfuata anayeifanya hiyo kazi hata siku mbili.