SOMO: Volcarona, nondo anayekufa mlangoni (soma hapa kabla ya kuniuliza)

Wakuu wa Pokémon, kila wiki napata ujumbe uleule: "Volcarona wangu anakufa akiingia tu, nakosea wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo nashusha nondo kuhusu nondo mwenyewe, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo cha uzi huu bila hata salamu.

Somo ni la pambano la mmoja kwa mmoja uwanjani, timu za sita kwa sita, levo 100, kizazi cha tisa (Scarlet na Violet). Mnaocheza wawili kwa wawili hesabu zenu ni nyingine, msije kunilaumu. Soma pia sheria za mahali unapochezea uone kama anaruhusiwa.

Kwa wageni: Volcarona ni wa aina mbili, Mdudu na Moto. Shambulio maalumu 135, kasi 100, kinga maalumu 105. Kinga ya mwili ni 65, yaani karatasi. Kinachompa jina ni mbinu ya Quiver Dance, ambayo hapa naiita ngoma. Kwa zamu moja inapandisha shambulio maalumu, kinga maalumu na kasi, kila kimoja kinakuwa mara 1.5. Ukiipiga mara mbili ni mara 2. Wapo Pokémon wa moto wenye nguvu kumzidi, ila wanaopandisha vitatu kwa mpigo mmoja ni wa kutafuta kwa tochi. Ugonjwa wake ni jiwe. Mdudu anaogopa jiwe, moto unaogopa jiwe, kwa hiyo jiwe linampiga mara nne.

Hatua ya 1. Mpate. Larvesta, ambaye ndiye mtoto wake, anageuka Volcarona akifika levo 59. Vumilia.

Hatua ya 2. Tabia iwe Timid (inaongeza kasi, inapunguza shambulio la mwili). Uwezo uwe Flame Body (anayemgusa anaweza kuungua).

Hatua ya 3. EV (pointi za mazoezi): 252 shambulio maalumu, 252 kasi. Zile 4 zinazobaki peleka kinga ya mwili au kinga maalumu. USIPELEKE kwenye uhai. Bila EV uhai wake ni 311, namba witiri. Stealth Rock, yaani mawe yanayotandazwa uwanjani kumuumiza anayeingia, inamla nusu, na mchezo hukata desimali, kwa hiyo inachukua 155. Akiingia mara mbili bila buti (kifaa cha hatua ya 5) anabaki na 1. Ukitia zile 4 kwenye uhai anakuwa 312, nusu yake ni 156 kamili, na safari ya pili ndiyo kaburi lake. Pointi moja tu hiyo, lakini nimeshashinda pambano nikiwa na uhai 1.

Hatua ya 4. Mbinu: Quiver Dance, Flamethrower (au Fiery Dance, nguvu 80 badala ya 90, ila mara moja kati ya mbili inakuongezea shambulio maalumu), Giga Drain (ya nyasi) kwa ajili ya wa maji, na ya nne ni Morning Sun (inarudisha uhai) au Tera Blast (inafuata aina ya Tera, ona hatua ya 8). Fire Blast siitaki. Usahihi 85 utakusaliti siku unayoihitaji.

Hatua ya 5. Kifaa ni Heavy-Duty Boots, na hapa tulia usome.

Buti zinamfanya akanyage mawe bila kuumia. Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua wengi, na mimi nikiwemo zamani, ni kwamba buti ni mali ya kulinda kuliko uhai wenyewe. Nilikuwa naongoza nne kwa tatu. Mpinzani ana Great Tusk uwanjani, mawe keshayatandaza. Nikajisemea, huyu ni Ardhi na Mpiganaji. Ngumi zake zinanigusa nusu, ardhi inanipata kawaida tu, naingia. Nikamwingiza Volcarona. Akapigwa Knock Off, mbinu inayoangusha kifaa. Buti zikadondoka. Uhai ulikuwa bado mwingi, kwa hiyo sikushtuka. Nikapiga ngoma, nikamwangusha, nikajiona bingwa. Akaja Dondozo mwenye Unaware, ambaye anahesabu kama hujapiga ngoma yoyote, akanipunguza hadi chini ya nusu. Nikamtoa Volcarona "nimhifadhi kwa mwisho". Mwisho ulipofika nikamrudisha, akakanyaga mawe, akafa. Hakurusha hata cheche. Yaani nilikuwa nimehifadhi maiti.

Kwa hiyo:
- Usimwingize mbele ya yeyote mwenye Knock Off, hata kama Knock Off yenyewe haimuumizi sana. Mpeleke mwingine akaipokee.
- Buti zikidondoka na mawe yapo, jua una safari moja tu. Ama umalize kazi ukiwa uwanjani, ama uyasafishe mawe kwanza.
- Weka kwenye timu mtu wa Rapid Spin au Defog (mbinu za kusafisha mawe) hata kama una buti. Akiwa Gholdengo upande wa pili, Defog inagoma, kwa hiyo Rapid Spin ni salama zaidi. Na hata hiyo haimgusi, kwa kuwa yeye ni Mzimu, mpaka umwondoe.

Hatua ya 6. Usipige ngoma mpaka wazuizi waishe. Swali la kujiuliza ni "nani upande ule anaweza kunisimamisha nikishapiga?" Orodha yangu: mwenye Unaware, mwenye Haze (inafuta ngoma) au Roar (inakufukuza uwanjani), Heatran mwenye Flash Fire, ambaye moto kwake ni chakula, na wenye mbinu za kutangulia, hasa Extreme Speed ya Dragonite, maana kasi yako hapo haina kazi. Waondoe au wachoshe kwa wengine kwanza. Volcarona anakuja kuvuna, halimi.

Hatua ya 7. Mwingize mbele ya Nyasi, Chuma, Barafu, Mdudu au Fairy. Nyasi zinamgusa robo tu, hao wengine nusu. Uyoga wenye Spore usiuzoee, utalala.

Hatua ya 8. Tera, yaani kubadilisha aina yako katikati ya pambano. Ya Nyasi kama maji ndiyo yanakusumbua. Ya Ardhi pamoja na Tera Blast kama Heatran ndiye anayekunyima usingizi, maana ardhi inampiga mara nne. Ni mara moja kwa pambano, usiitumie kwa jazba.

Maswali chini. Soma kwanza.

—

Shujaa wa Levo 5: mkuu naomba moves zake fasta nipo kwenye mechi

Jibu: Hatua ya 4.

Kobe Mtaratibu: Asante kwa somo kiongozi. Swali: kwa nini Timid na siyo Modest (tabia ya kuongeza shambulio maalumu)? Si ngoma inaongeza kasi tayari? Naona kama unapoteza nguvu bure.

Jibu: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Timid kasi yake ni 328, Modest ni 299. Baada ya ngoma moja, Timid anakuwa 492 na Modest 448. Dragapult aliyejaa kasi ana 421, kwa hiyo wote wawili mnampita, na hapo Modest inaonekana kama ujanja. Tatizo liko sehemu mbili. Ya kwanza, kabla ya ngoma: Great Tusk wa Jolly (naye tabia ya kasi) ana 300. Modest anashindwa kwa pointi MOJA. Ya pili ni wenye Choice Scarf (kifaa cha kasi mara 1.5): Garchomp wa Adamant (tabia ya shambulio la mwili) anafika 454, anampita Modest lakini kwa Timid anachelewa. Garchomp wa Jolly mwenye Scarf ana 499, huyo anawapita wote, kubalini tu. Kama timu yako ina njia nyingine ya kuwamaliza hao, weka Modest kwa roho safi. Mimi sina, ndiyo maana Timid.

Kobe Mtaratibu: Kumbe ni pointi moja! Nimeelewa. Naenda kubadilisha.

Kaa la Moto: Somo la kizamani hili. Mimi nilifuata kila kitu, nikapiga ngoma tatu kabisa, Dragonite akaja akaniua. Volcarona ni takataka.

Jibu: Ulifuata kila kitu isipokuwa hatua ya 6, iliyomtaja Dragonite kwa jina.

Kaa la Moto: alikuwa bado hajaonekana uwanjani

Jibu: Timu nzima ya mpinzani unaonyeshwa kabla ya pambano kuanza. Ukimwona kwenye orodha, mhesabu kama yupo. Halafu ngoma tatu za nini? Mara nyingi moja inatosha, ya pili ni tahadhari, ya tatu ni sifa. Kila zamu ya ziada unampa mwenzio nafasi ya kupanga kifo chako.

Mpiga Zamu: Umesahau Thunder Wave.

Jibu: Kweli, nimesahau, na ilipaswa kuwa kwenye hatua ya 6. Kupooza kunakata kasi nusu, kwa hiyo ile 492 inakuwa 246, na robo ya zamu zako unaweza usitembee kabisa. Tera ya Ardhi inakukinga, maana Thunder Wave ni ya umeme na haimpati wa ardhi, ila lazima uwe umeshabadilika kabla haijatua. Asante mkuu.

Mtoto wa Larvesta: Samahani kama ni swali la kijinga. Nikishabadilika Tera halafu nikatoka nikarudi, mawe yananila kama Mdudu-Moto au kama aina mpya?

Jibu: Si la kijinga hata kidogo, wapo wakongwe wasiolijua. Yanakula kwa aina mpya, na Tera haiondoki ukitoka uwanjani. Ukiwa Nyasi, mawe yanachukua asilimia 12.5. Ukiwa Ardhi, 6.25. Kutoka 50! Kwa hiyo ukishapoteza buti, Tera inaweza kuwa buti zako za pili. Mimi siku ile ya Dondozo nilikuwa na Tera ya Nyasi mkononi na sikuitumia. Angalizo: ukiwa Ardhi siyo Moto tena, kwa hiyo unaweza kuunguzwa. Mbinu zako ni maalumu, nguvu haipungui, ila uhai unavuja kila zamu.

Shujaa wa Levo 5: nimepoteza ile mechi. niliweka Leftovers (ile ya kurudisha uhai kidogo kila zamu) badala ya buti, inakubali?

Jibu: Umeshajijibu.

Mpiga Zamu: Nimtetee kidogo dogo. Leftovers inakubali ukiwa na Rapid Spin ya uhakika na unacheza Volcarona mzito, wa uhai na kinga ya mwili, Will-O-Wisp na Morning Sun. Anakaa muda mrefu, anaunguza wapiga ngumi, mwisho ndiyo anacheza ngoma.

Jibu: Sawa, huyo mzito nampa heshima yake. Ila Morning Sun ina safari chache, na mvua ikinyesha inarudisha robo tu badala ya nusu. Kwa anayeanza, avae buti.

Kobe Mtaratibu: Nyongeza: tafuteni mwenye IV (pointi za kuzaliwa nazo) ya shambulio la mwili 0. Foul Play inatumia nguvu zako mwenyewe kukupiga, na ukichanganyikiwa ukajipiga unajiumiza kidogo tu.

Jibu: Sahihi kabisa. Kobe umeanza leo, tayari unafundisha.

Mtoto wa Larvesta: Nje ya mada kidogo. Nasikia Flame Body inasaidia kuangua mayai?

Jibu: Ndiyo, hatua za kutembea zinapungua nusu akiwa kwenye timu. Hata Larvesta anayo, hana haja ya kugeuka.

Mtoto wa Larvesta: Kwa hiyo nimtumie Larvesta kuangua Larvesta wenye IV nzuri?

Jibu: Ndivyo ninavyofanya. Wangu wa mayai ana levo 12, hajawahi kupigana hata siku moja.

Kaa la Moto: nimeshinda. ngoma moja. Dragonite nilimmaliza kwanza kwa mwingine

Jibu: Buti zilibaki?

Kaa la Moto: zilibaki