Somo: Kutengeneza utando wa polima wa kupulizia kwenye paa la mgodi, kwa miamba ya Mirerani

Somo hili ni la wanachama wetu, mafundi wa Arusha na Moshi wanaofanya kazi na migodi ya tanzanaiti ya Mirerani. Utando wa polima hupulizwa kwenye paa na kuta za mgodi kwa unene wa milimita 3 hadi 5, ili mawe madogo yasiachie kati ya nguzo na nguzo. Huko Kanada na Afrika Kusini umekuwa ukifanyiwa kazi tangu miaka ya 1990. Faida yake kwetu ni uzito. Mita moja ya mraba ya zege la kupulizia, unene sentimita 5, ni zaidi ya kilo 110. Utando wa milimita 4 ni kama kilo 8. Kwenye shimo jembamba lenye mteremko mkali, ambako kila mfuko unashuka begani, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Kabla ya kununua chochote, fanya hesabu hii. Jiwe la mita 1 kwa 1, unene nusu mita, limeachia juu. Uzito wake ni kama tani 1.35, sawa na nguvu ya kilonyutoni 13 (kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100). Utando unalishika pembezoni tu, kwenye mzingo wa mita 4, na ukanda unaobeba mzigo ni mwembamba, tuseme milimita 5. Mshiko, yaani nguvu ya utando kung'ang'ania mwamba, ukiwa megapaskali 1 (nyutoni 1,000,000 kwa mita ya mraba), unapata 4 × 0.005 × 1,000,000, yaani kilonyutoni 20. Jiwe linakaa. Mshiko ukishuka hadi 0.3 unabaki na kilonyutoni 6, na jiwe linashuka na utando wake. Hapo bado hujaweka akiba ya usalama. Ndiyo maana kazi yote hapa chini inahusu mshiko kuliko ugumu.

Hatua ya 1: Mwamba. Usijaribie kwenye tofali. Omba vipande bapa kutoka shimo lenyewe, vyenye grafaiti nyingi na visivyo nayo. Tanzanaiti inakaa kwenye miamba yenye grafaiti, na grafaiti ni kilainishi kikavu: pitisha kidole, kitatoka cheusi. Utando utashika vumbi hilo vizuri kabisa, lakini vumbi lenyewe halijashika mwamba. Mgodini, angusha kwanza mawe legelege kwa mtaimbo, kisha osha kwa maji na hewa pamoja mpaka maji yanayotiririka yawe safi. Brashi ya waya iache, inaipaka grafaiti upya juu ya mwamba. Uso ukikauka, bandika selotepu na uibandue: ikitoka nyeusi, rudia kuosha. Baada ya kulipua baruti, osha tena hata kama jana ulishaosha.

Hatua ya 2: Mchanganyiko wa kuanzia. Saruji ya Portland kilo 10, mchanga mkavu uliopita chekeche ya milimita 0.6 kilo 10, lateksi ya akriliki au ya styrini-butadiini (maji meupe yenye chembe za plastiki, ndiyo polima yetu) yenye yabisi asilimia 50 kilo 4, maji lita 2, nyuzi za polipropilini za milimita 6 gramu 15, na dawa ya kuua povu gramu 20. Nusu ya lateksi ni maji, kwa hiyo jumla ya maji ni kilo 4 kwa saruji kilo 10. Usiongeze mengine kwa sababu bunduki imeziba. Chekecha mchanga upya, mara nyingi ndio wenye kosa.

Changanya kwanza lateksi, maji na dawa ya povu. Ongeza saruji na mchanga kidogo kidogo, nyuzi mwisho. Dril izunguke polepole, chini ya mizunguko 500 kwa dakika, maana mwendo wa kasi unaingiza hewa na utando unatoka na vitundu kama andazi. Acha dakika 5, koroga tena, tumia ndani ya dakika 30. Unapata lita 13 hivi, zinazotosha mita za mraba 3 kwa milimita 4. Rojo litakalobaki likianza kukaza, litupe. Kulilegeza kwa maji ni kuua mshiko.

Hatua ya 3: Kupulizia. Mwamba uwe na unyevu bila maji yanayong'aa. Tumia bunduki ya plasta yenye mdomo wa milimita 4 hadi 6, umbali wa sentimita 30 hadi 50, mdomo ukiuelekea mwamba kwa nyuzi 90. Koti ya kwanza iwe milimita 1 hadi 1.5, iingie kwenye nyufa. Itie oksidi nyekundu gramu 100, na koti ya pili iwe ya kijivu: popote unapoona wekundu, hapajafunikwa. Pima unene kwa msumari uliotiwa alama, kisha linganisha na kilo ulizotumia.

Hatua ya 4: Kukaza. Siku ya kwanza usiruhusu upepo wa feni uupige moja kwa moja, utapasuka. Baada ya hapo unahitaji hewa, kwa sababu lateksi hufanya ngozi yake maji yanapotoka.

Hatua ya 5: Jaribio la kuvuta. Hapa usifanye haraka. Gundisha kwa epoksi kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 50 juu ya utando. Kata kwa dril ya duara kukizunguka mpaka uingie kwenye mwamba angalau milimita 5. Geuza kipande utando uangalie chini, funga wenzo wenye uwiano wa 10 kwa 1, tundika ndoo. Kila lita ya maji unayoongeza ni megapaskali 0.05, hivyo lita 20 ni megapaskali 1. Uzito wa ndoo na wa wenzo uhesabu pia.

Andika namba, na andika palipoachia. Kwenye epoksi: jaribio halihesabiki. Kati ya utando na mwamba: uso ulikuwa mchafu. Ndani ya utando: hewa au maji mengi. Ndani ya mwamba: utando umefanya kazi yake, na mwamba huo unataka bolti (fito za chuma zinazofungwa ndani ya mwamba). Pima siku ya 1, ya 7 na ya 28, vipande vitatu kila mara, vikavu na vilivyolowekwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mirerani:* Shikamoo fundi. Utando ukishika vizuri, tunaweza kuacha matimba (nguzo za mbao zinazoshika paa)?

Marahaba. Hapana. Utando ni ngozi, unazuia mawe madogo. Uzito wa paa zima unabebwa na matimba na bolti. Jaribio la kwanza lifanye mahali ambapo watu hawapiti, matimba yakiwa yamesimama, na Afisa Madini Mkazi akiwa na taarifa.

*Mwanachama, Moshi:* Kwa nini tusipulizie povu la poliyurethani? Ni jepesi zaidi.

Kwa sababu ya moto. Tarehe 16 Septemba 1986, mgodi wa Kinross, Afrika Kusini, moto ulioanzia kwenye kazi ya kuchomelea ulishika povu la poliyurethani lililokuwa ukutani. Walikufa watu 177, na moshi wenye sumu ndio ulioua. Zipo polima za sehemu mbili zinazokaza haraka na zilizotengenezwa zisisambaze moto, lakini kemikali iliyomo, isosayaneti, inaweza kumletea mpuliziaji pumu ya kudumu. Zinahitaji barakoa yenye hewa ya bomba kutoka nje.

*Mwanachama, Unga Limited, Arusha:* Vipande vyetu vilifika lita 18 vikiwa vikavu. Tulipoviloweka siku tatu, utando ulibanduka kwa kidole.

Lateksi mliyotumia ni gundi nyeupe ya mbao, kaka. Ile huyeyuka tena ikipata maji. Loweka tone lililokauka kwenye glasi usiku kucha: likigeuka maziwa, msilitumie mgodini.

*Mwanachama, Mirerani:* Na pale maji yanapochuruzika?

Toboa mwamba palepale, ingiza mpira wa maji, uyaongoze chini, ndipo upulizie kuzunguka. Mpira uache wazi. Ukiuziba, maji yatajikusanya nyuma ya utando na kuusukuma wote.