Chambo cha shume: kwanza ujue nani anakila

Nafuga kuku wa kienyeji Mpunguzi, Dodoma, barabara ya Iringa, na mwaka juzi shume mmoja, yaani paka dume asiye na mwenyewe, alinimalizia vifaranga kumi na mmoja ndani ya wiki. Jirani akanishauri nipake sumu kwenye kichwa cha samaki. Nikamuuliza: mbwa wako akikiwahi, je? Akanyamaza.

Wanaotengeneza chambo cha sumu cha paka mwitu nchi za mbali nao huumizwa kichwa na swali hilohilo. Kisiwa cha Marion, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kilipelekewa paka 5 mwaka 1949 ili wawale panya wa kituo cha hali ya hewa. Kufikia 1977 walikuwa kama 3,400, wanachinja ndege wa baharini, na kuwamaliza kulikwenda hadi 1991. Australia wanatumia soseji ya nyama ya kangaruu na mafuta ya kuku. Aina yake moja ina sumu iliyofungiwa ndani ya punje ngumu: paka hukata mnofu akameza bila kutafuna, lakini wanyama wengine wengi hutafuna, wakaigundua punje na kuitema. Akili hiyo nimeiazima, sumu nimewaachia wenyewe. Mimi natumia kizimba cha nondo na waya, kazi ya fundi wa kuchomelea.

Anza na chambo peke yake, bila mtego. Jioni kuku wakishalala, chekecha jivu, litandaze upana wa ungo, weka chambo katikati. Alfajiri soma nyayo kabla hujawafungulia kuku. Unyayo wa paka ni wa mviringo, vidole vinne, kucha hazionekani. Wa mbwa una ncha za kucha mbele. Usiku wangu wa kwanza alikula mbwa. Wa pili dagaa wote waliliwa na sisimizi. Wa tatu ndipo nikauona unyayo wa bwana mwenyewe.

Ugali wenye sukari usihangaike nao, paka haonji utamu. Kilichonifaa ni kichwa cha perege wa bwawa la Mtera, na kikikosekana, ngozi ya kuku yenye mafuta. Ianike juu ya bati saa moja hivi mpaka mafuta yachuruzike. Hata zile soseji huanikwa juani kwanza, mafuta yatoke nje. Kisha ining'inize nyuma ya kizimba kwa waya uliopakwa grisi. Sisimizi hawapiti.

Msimu ndio wenye kazi. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikiwapo, panya, panzi na kumbikumbi wamejaa, shume ameshiba na atakupita bila kugeuka. Ngoja Julai hadi Oktoba, upepo mkavu ukivuma na mawindo yakiwa haba.

Kizimba kiweke kandoni mwa ua wa miiba, maana paka hupenda kutembea pembeni. Kifunike kwa gunia, fungia mlango kwa kamba ubaki wazi, umlishe bure usiku tatu. Wa nne ndipo utege. Amka mapema, jua la Dodoma lisimkute humo.

Na pita nyumba kwa nyumba kabla. Mimi sikupita, nikamnasa paka wa bibi wa nyumba ya pili, kamba nyekundu shingoni. Bibi alikuja na fimbo yake, hata “mbukwa”, salamu yetu ya Kigogo, hakunipa. “Mjukuu wangu, huyu amekukosea nini?” Nililipa kwa kichwa cha perege kizima.

Usimshike shume kwa mkono mtupu. Akikung'ata au kukuparura, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie sindano ya kichaa cha mbwa. Mbebe na kizimba chake kwa mtaalamu wa mifugo, mpatane kuhusu kumhasi.

Wangu alinaswa usiku wa sita, sikio la kushoto nusu. Kichwa cha perege alikuwa amekimaliza, mifupa na yote.