Kabla hujaenda kupimwa mlango wa kizazi

Mimi ni somo, hapa Ngamiani, Tanga. Wari niliowafunda zamani sasa ni mama wa watu, na wengi wananijia na hofu ile ile: "Somo, nikienda kupima wakanikuta na saratani ya mlango wa kizazi je?" Nawajibu nyote hapa, maana hofu hiyo ndiyo inayowakalisha nyumbani mpaka maji yanazidi unga.

Kipimo hiki kazi yake kubwa ni kutafuta mabadiliko yanayotangulia saratani. Mabadiliko hayo huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachopatikana kwa kujamiiana. Wengi wetu tunakipata na mwili unakiondoa wenyewe. Kikingʼangʼania, mara nyingi huchukua zaidi ya miaka 10 kuleta saratani, ingawa kwa mwenye VVU huenda mbio zaidi. Kwa hiyo usimgeuzie kibao mumeo. Huwezi kujua kilikuingia lini. Na nenda ukiwa mzima, kuanzia miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU. Ukitoka damu baada ya tendo, au baada ya kukoma hedhi, hiyo si ya kungoja upimaji. Nenda leo.

Chagua siku ambayo hedhi imekauka. Siku mbili kabla, msikutane na mume, wala usiingize kitu ukeni. Na hapa nasema kama somo wenu: shabu, limau na yale madawa ya kubana tunayouziana wenyewe kwa wenyewe, yaacheni kabisa. Yanachubua. Kufukiza nguo kwa udi kunatosha, na maji matupu kwa nje.

Vaa dera au gauni pana, chukua na kanga ya kujifunika. Anzia kliniki ya mama na mtoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakikuandikia uende Hospitali ya Bombo, nenda. Ukitaka mhudumu wa kike, sema wakati wa kujiandikisha. Kama una mimba, sema pia.

Kitandani utalala chali, magoti juu. Kifaa cha kufungulia njia kina umbo la mdomo wa bata, na kikiwa cha chuma kinakuwa cha baridi. Hapo ndipo wengi hukaza mwili na kunyanyua kiuno, wakajiumiza bure. Wewe acha makalio yazame kwenye godoro, legeza mapaja, toa pumzi polepole kwa mdomo. Ikiuma, mwambie asubiri. Ni haki yako. Kisha anapaka siki iliyopimwa, asilimia 3 hadi 5, anangoja dakika moja, anaangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Inawasha kidogo tu. Majibu unapewa pale pale.

Mwanangu, ukiambiwa pana weupe usianze kuandika wosia. Mara nyingi hiyo si saratani, ni ngozi iliyoanza kubadilika. Ikifaa huchomwa kwa joto au hugandishwa, pengine siku hiyo hiyo, na unasikia tumbo kama la hedhi. Baadaye utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, uweke pedi, na mume asubiri wiki 4. Jambo hili lizungumzeni kabla hujaenda, usije ukaona haya kulisema usiku taa ikishazimwa. Weupe ukiwa mkubwa au wa kutia shaka, watachukua kinyama kipelekwe maabara. Uliza majibu yanatoka lini, uyafuate mwenyewe, usingoje kupigiwa simu.

Ukikutwa salama, waandike kwenye kadi tarehe ya kurudi: baada ya miaka 3, na kila mwaka kwa mwenye VVU. Na kama nyumbani pana binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ni ya kwake. Tangu 2024 ni dozi moja tu. Muulize mwalimu wake wachanjaji wanapita lini, au umpeleke kituoni siku utakayokwenda wewe.